Mauntingi za injini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi magari madogo ya Kijapani yanayovuta kwa tairi za mbele: IST, Vitz, Raum, Premio, Allion, Demio na jamaa zao, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu. Hiace na wenzake wanaovuta kwa nyuma wana sehemu yao mwishoni.

Mauntingi inafanya kazi gani hasa?

Injini na giaboksi havikai moja kwa moja juu ya chuma cha bodi. Vimekalia vipande vya mpira vilivyoshikana na chuma pande mbili: chuma kimoja kimefungwa kwenye injini, kingine kwenye bodi. Hiyo ndiyo mauntingi, wengine husema maunti. Ina kazi mbili zisizopatana. Inatakiwa ishike injini isiyumbe, na papo hapo imeze mtetemo usifike kwenye kiti chako. Mpira mgumu unashika vizuri ila unaleta mtetemo ndani. Mpira laini unatuliza gari ila unaiacha injini icheze. Kila kiwanda huchagua mahali pake hapo katikati. Ndiyo maana mauntingi ya kopi inaweza kuingia kwenye matundu yote bila shida, na bado gari ikatetema kuliko ilivyotetema na ile kuukuu.

Zamani injini ilifungwa kwenye fremu karibu chuma kwa chuma, na dereva alivumilia. Chrysler ya Marekani ndiyo iliyolibeba suala hili sokoni kwa kishindo, ilipotoa Plymouth ya 1931 yenye injini ya silinda 4 iliyowekwa juu ya mpira. Haikupita muda Citroën ya Ufaransa ikanunua haki ya kutumia mfumo huohuo.

Gari yangu ina ngapi?

Magari ya daraja la IST na Vitz mengi yana tatu. Moja iko kulia, upande wa cheni ya taimingi. Unaiona ukifungua boneti tu. Ya pili iko kushoto, inabeba giaboksi, imejificha karibu na betri. Ya tatu iko chini nyuma, kazi yake si kubeba uzito bali kuzuia injini isijizungushe unapokanyaga mafuta. Premio, Allion na Corolla za kizazi hicho mara nyingi zina nne, kwa kuwa huongezewa ya mbele.

Ujue pia kuna za mpira mtupu na kuna za haidroliki, zenye kimiminika ndani. Ya kulia ndiyo mara nyingi huwa ya haidroliki. Hii ikipasuka haisubiri: kimiminika kikishatoka, imekwisha, hata kama mpira kwa nje unaonekana mzima.

Dalili za mauntingi iliyochoka ni zipi?

Ya kwanza ni ile ya kwenye foleni. Umesimama, gia iko D, mguu kwenye breki, na usukani, dashibodi hata kioo cha ndani vinatetema. Ukirudisha N, gari inatulia.

Ya pili ni kishindo. Unatoa P kwenda R, unasikia "du!" chini ya miguu. Au unaondoka kwenye taa, unaachia mafuta, unakanyaga tena, na kila mara kuna kitu kinagonga mara moja kisha kinanyamaza. Kwenye matuta nako mlio huo huja, na hapo ndipo watu wengi hukimbilia kubadilisha shokapu na linki zisizo na kosa.

Ya tatu huonekana kwa macho: injini imelala upande mmoja, au bomba la ekzosi limeanza kugusa bodi, au, kwenye gari zinazovuta kwa nyuma, feni inasugua kava yake.

Nitajuaje kwamba ni mauntingi na si plagi au koili?

Hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea. Mauntingi husingiziwa mno. Gari ikitetema, neno la kwanza litakalomtoka mtu gereji ni "mauntingi hizo", na saa hiyohiyo kijana ametumwa dukani. Mauntingi haizalishi mtetemo. Kazi yake ni kuumeza. Kwa hiyo kabla hujaihukumu, hakikisha injini yenyewe inawaka sawasawa.

Washa gari, iache ipate moto, zima kiyoyozi, weka N. Sikiliza. Injini nzima ina mdundo mmoja usiobadilika. Kama inamisi, yaani kuna silinda isiyowaka sawasawa, utasikia inakatakata bila mpangilio, na ukisimama nyuma utaisikia ekzosi ikitoa pumzi za kukwama. Mtetemo wa namna hiyo upo N na upo D, na kuongeza mafuta kidogo hakuuondoi kabisa. Taa ya injini ikiwaka, na hasa ikimeta-meta ukiwa unaendesha, achana na mauntingi kwanza. Pima kwa mashine: namba za P0300 hadi P0304 zinasema injini inamisi, na tarakimu ya mwisho kuanzia 1 hadi 4 inataja silinda. Hapo ni plagi, koili au nozeli.

Ukimaliza hilo, angalia sailensi, yaani mwendo wa injini usipokanyaga mafuta. Kwenye injini nyingi ndogo za Toyota sailensi ya injini iliyopata moto hukaa kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika. Ikishuka chini ya hapo kwa sababu throtoli bodi, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, imejaa masizi, gari itatetema kwenye D hata kama mauntingi zote ni mpya kutoka kwenye boksi. Kusafisha throtoli ni kazi ya kopo moja la dawa na kitambaa. Anza na hilo.

Sasa washa kiyoyozi, weka D, kanyaga breki. Mtetemo umekuja? Ongeza mafuta kidogo sana, mizunguko ipande ifike kama 1,000. Ikiwa mtetemo umeondoka, na N ilikuwa imetulia, na sailensi iko sawa, basi sasa una haki ya kuzishuku mauntingi.

Gari inatetema nikifika kasi ya 90 au 100. Ni mauntingi?

Karibu kila mara, hapana. Fanya wili balansi, angalia rimu zilizopinda na tairi zilizovimba. Mtetemo unaokuja unapokanyaga mafuta tu na kuondoka ukiachia unaelekea zaidi kwenye sivijointi ya ndani, kile kiungo cha ekseli kilicho upande wa giaboksi.

Naomba kipimo cha uhakika ninachoweza kufanya mwenyewe.

Kipo, na hakihitaji mashine. Kinahitaji mtu wa pili anayejua gari, asiye na papara.

Weka gari mahali tambarare, mbele na nyuma pawe wazi kabisa, bila ukuta, bila mtu, bila pikipiki ya jirani. Weka kabari kwenye tairi, vuta handibreki. Fungua boneti. Mwenzako akae kwenye usukani, akanyage breki kwa nguvu zote na asiuondoe mguu mpaka umwambie. Wewe simama ubavuni, usawa wa madigadi. Usisimame mbele ya gari, hata kwa sekunde.

Mwambie atoe N aweke D. Angalia injini. Kwenye gari ya kuvuta mbele yenye injini iliyolala kwa upana, D huifanya ilale nyuma kuelekea kwa dereva, na R huifanya iinukie mbele. Kulala kwa sentimita moja hivi, mbili, kwa ulaini, ni kawaida. Mpira umewekwa kwa ajili hiyo. Unachotafuta ni kuruka. Injini inanyanyuka, inagonga, kisha inarudi na kishindo. Rudia mara mbili tatu, D, N, R. Mwisho, kwenye D, mwenzako apandishe mizunguko hadi 1,500 kwa sekunde moja au mbili tu kisha aachie. Asizidishe, kwa sababu oili ya giaboksi inachemka haraka sana gari ikizuiwa namna hiyo.

Kishindo cha D kikiwa kikubwa kuliko cha R, kwenye gari ya mauntingi nne anza kuishuku ya mbele, kwani ndiyo inayovutwa juu. Kikizidi kwenye R, anza na ya nyuma. Sio sheria ya Musa, ila inakuonyesha pa kumulika tochi kwanza.

Zima injini, iache ipoe, kisha tazama mpira wenyewe. Nyufa nyembamba juujuu ni uzee tu. Ufa unaoingia ndani hadi unaona mwanga upande wa pili, au mpira ulioachana na chuma, hiyo imekufa. Kwenye ya kulia ya haidroliki, tazama chini yake kwenye ubavu wa madigadi ya ndani: ukikuta mchirizi mweusi ulioshuka na kushikana na vumbi hadi ukawa mzito kama uji uliokauka, kimiminika kimetoka. Tazama pia kiini cha chuma kilichoko katikati ya mpira. Kikiwa kimeshuka na kukalia kingo ya chini ya chuma cha nje, basi unaendesha chuma kwa chuma.

Kama bado una shaka, weka mtaimbo kati ya injini na bodi karibu na mauntingi, injini ikiwa imezimwa, usukume taratibu. Mpira mzima unakataa kisha unarudi. Uliokatika unafunguka kama mdomo, na utaona ufa ambao haukuonekana ulipokuwa umekandamizwa na uzito.

Fundi kaitazama gari yangu dakika mbili tu, akasema mauntingi zote zimekufa. Nimwamini?

Mwombe akuonyeshe. Fundi anayejua kazi hatachukia. Atafungua boneti, atamulika, atakuonyesha ufa ulipo. Zote kufa kwa pamoja hutokea, hasa kwenye gari ambayo moja iliachwa ikiwa imekatika kwa muda mrefu, lakini "zote zimekufa" bila hata kuinama chini ni bei, si uchunguzi. Na ukikubali zibadilishwe, omba zile za zamani uzione zikiwa mezani.

Nikiendelea kuendesha hivyohivyo, kuna hatari gani?

Leo na kesho huenda hakuna. Baada ya hapo, madhara yanahamia kwa majirani. Mauntingi moja ikikatika, mzigo wake unagawiwa zilizobaki, nazo zinachoka mapema. Injini inayoruka inavuta bomba laini la ekzosi mpaka linapasuka; inavuta hozi za rejeta, mabomba ya kiyoyozi, waya za sensa. Sivijointi inafanya kazi kwa pembe isiyo yake, buti yake ya mpira inachanika, grisi inamwagika. Hesabu hizo zote ni ghali kuliko mauntingi uliyoikwepa.

Kwa magari ya zamani yenye kebo ya mafuta, jambo lilikuwa baya zaidi. Desemba 1971 General Motors iliita magari zaidi ya milioni 6 ya Chevrolet yaliyotengenezwa katika miaka ya 1960, kwa sababu mauntingi ikiachana, injini ilinyanyuka na kuvuta kebo, na gari ikajiongezea mafuta yenyewe. Dawa waliyotoa ilikuwa kifungo cha kuizuia injini isinyanyuke. Magari ya leo yenye throtoli ya umeme hayana kebo hiyo, ila kama unaendesha gari kuukuu, usiipuuze injini inayoruka.

Kwa nini mauntingi za gari yangu zimekufa wakati kilomita ni chache?

Kwa sababu mpira hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu na miaka, na joto. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu makuukuu zaidi kwa kutoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa vyovyote, gari "mpya" uliyoipokea bandarini ina mpira uliokwisha kupikwa miaka mingi. Kisha unaongeza mashimo, matuta yasiyo na alama, na foleni ya saa mbili kwenye jua, injini imesimama ikijipikia.

Lakini muuaji ninayemchukia kuliko wote ni mafuta. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ikivuja, oili inatiririka taratibu hadi kwenye mauntingi, na mpira unavimba na kulainika. Ukiweka mpya bila kuziba uvujaji huo, umenunua kitu cha miezi. Na kuna hii tabia ya kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa ili ing'ae. Inang'aa kweli. Baadaye hozi, buti na mauntingi vinakulipa. Waambie wanaoosha magari watumie maji kidogo na sabuni, au waiache na vumbi lake.

Nibadilishe moja au zote?

Badilisha iliyokufa, na uichunguze kwa makini iliyo jirani yake. Kama gari ina zaidi ya miaka kumi, zote ni za kiwanda, na mbili zimeonyesha ufa, badilisha zote kwa mara moja, kwa sababu mpya moja kati ya zilizolegea itabeba zaidi ya fungu lake. Kama tatu bado ni nzima, sioni sababu ya kumlazimisha mtu.

Orijino, kopi, au ya mtumba?

Orijino ya kiwanda inaweza kugharimu mara kadhaa ya kopi, na kwa ile ya kulia ya haidroliki naona inalipa. Kopi nyingi za bei ya chini hazina kimiminika chochote ndani, ni mpira mgumu uliopewa umbo lilelile. Gari inatulia mlio wa kugonga lakini inatetema kwenye foleni kuliko jana. Kwa ile ya nyuma ya kuzuia mzunguko, kopi nzuri inafaa na haina makuu.

Ya mtumba iliyotolewa kwenye injini ya Japani ni kamari yenye kanuni. Ukiwa Kariakoo mtaa wa Gerezani, au Kirinyaga Road kule Nairobi, ishike mkononi, igeuze, ibonyeze mpira kwa bisibisi butu. Tafuta unyevu mweusi, tafuta kiini kilichopinda upande mmoja. Iliyokaa juu ya rafu miaka kadhaa ina umri uleule na ile unayoitoa. Mimi ya haidroliki ya mtumba siichukui.

Nenda na ile ya zamani mkononi, au namba ya chesesi. IST ya injini ya 1.3 na ya 1.5, ya tairi mbili na ya fo-wili, hazifanani kila kitu. Linganisha urefu, matundu na upande wa alama kabla hujalipa.

Fundi anasema atajaza mpira wa tairi, au gundi ya vioo. Inafaa?

Inakufikisha nyumbani. Kipande cha tairi ni kigumu kuliko mpira wa mauntingi, hivyo injini inashikwa na mtetemo wote unaingia ndani. Gundi inashika wiki chache mpaka joto na oili vikutane nayo. Kama uko safarini, umekwama Mikumi au Mtito Andei, fanya. Kama uko mjini na maduka yapo wazi, usilipie kazi mara mbili. Wa kuchomelea chuma kwa chuma mwambie akuache.

Naweza kubadilisha ya kulia mwenyewe?

Unaweza, kama umewahi kushika spana na unaheshimu uzito. Ni kazi ya kama saa moja kwa asiye na haraka. Unahitaji jeki ya magurudumu, kipande cha mbao nene, soketi (namba 14 na 17 ndizo hutumika sana kwenye Toyota), ekstensheni, dawa ya kulegeza kutu, na spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) kama unaweza kuazima.

Injini iwe imepoa. Gari tambarare, kabari kwenye tairi. Kwenye baadhi ya magari utaondoa chupa ya maji ya rejeta au ya waipa ili ufikie bolti. Ondoa bila kukata hozi. Pulizia dawa kwenye bolti, subiri. Kwa gari za Tanga, Mombasa na Unguja subiri zaidi, chumvi ya bahari huwa imeshafanya yake, na bolti ikikatikia ndani ya bodi una siku nyingine kabisa mbele yako.

Weka mbao juu ya jeki, na jeki chini ya sampu, yaani karai la oili ya injini, upande wa kulia. Mbao itandaze uzito. Isikae kwenye nati ya kumwagia oili. Usiweke jeki chini ya karai jembamba la giaboksi ya otomatiki, linabonyea na kuziba chujio la ndani. Pandisha pole, macho yako yakiwa kwenye mauntingi, si kwenye jeki. Unachotaka ni uzito uondoke kwenye mpira, basi. Ukiona bodi ya gari inaanza kupanda, umepitiliza, shusha kidogo.

Sasa legeza bolti. Zikitoka kwa vidole, umeipatia urefu wa jeki. Zikiwa zinabana na kukwaruza uzi, pandisha au shusha milimita chache. Toa ya zamani, iweke kando ya mpya, ilinganishe kwa mara ya mwisho, hasa mshale au alama ya upande wa mbele kama ipo. Ingiza mpya, na bolti zote zianze kwa mkono kabla hujaikaza hata moja. Ukikaza ya kwanza mpaka mwisho, ya tatu haitaliona tundu lake.

Halafu sehemu ambayo wengi huiruka: shusha jeki, uzito wa injini ukae juu ya mauntingi mpya, itikise injini kwa mikono miwili ijitafutie mahali pake, ndipo ukaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari yako. Ukikaza injini ikiwa bado inaning'inia kwenye jeki, mpira unafungwa ukiwa umesokotwa, na utatetema na kuchanika mapema.

Fungua moja, funga moja. Usiwahi kuziachia mbili kwa pamoja.

Na ya kushoto na ya nyuma?

Ya kushoto ni mantiki ileile, ila jeki na mbao vinakwenda chini ya chuma kigumu cha giaboksi, na lazima utoe eakilina (boksi la chujio la hewa), betri na sinia lake. Ukishaunganisha betri tena, sailensi inaweza kuyumba kwa dakika kadhaa mpaka kompyuta ijifunze upya. Usiogope, na usimruhusu mtu akuuzie koili katika dakika hizo.

Ya nyuma mwachie fundi, isipokuwa una stendi imara na sehemu ngumu ya sakafu. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki pekee, hata kwa kuchungulia. Kwenye baadhi ya magari kuna memba ya chini, ule mhimili wa chuma chini ya injini, inayotakiwa ilegezwe ili bolti itoke, na hapo bei ya ufundi hupanda kwa haki.

Nimebadilisha na bado inatetema. Nifanye nini?

Mpira mpya huwa mgumu kidogo siku za mwanzo, mpe muda. Ukiona haubadiliki, mwambie fundi alegeze bolti zote za mauntingi robo tatu ya mzunguko, bila kuzitoa, injini iwashwe N, ijikalie, izimwe, kisha zikazwe upya bila jeki. Dawa hii haigharimu spea yoyote na inatibu magari mengi. Ikishindikana, rudi kwenye swali la plagi na sailensi. Pengine mauntingi haikuwa na kosa tangu mwanzo. La mwisho ndilo chungu: umenunua kopi ngumu.

Zile za poliurethani za watu wa mashindano zinashika injini vizuri sana. Pia zitakuhesabia kila mlipuko wa silinda kupitia kiti. Kwa gari ya kupeleka watoto shule, hapana.

Harrier yangu ya V6 ina kibomba kinachoingia kwenye mauntingi. Hicho ni nini?

Hiyo ni ya vakyumu. Injini hunyonya hewa kupitia kibomba hicho na kuibadilisha tabia ya mauntingi gari ikiwa kwenye sailensi. Kibomba kikipasuka au kikiachwa wazi baada ya ufundi, mauntingi haifanyi kazi yake, na hewa inayoingia inaivuruga sailensi juu yake. Kabla hujanunua mpya, ambayo si ya bei ya kucheka, chunguza kibomba hicho na valvu yake ya umeme. Na ukiwekewa kopi isiyo na tundu la kibomba, hakikisha kibomba kimezibwa.

Gari yangu ni ya manyuali. Kuna tofauti?

Kipimo ni hichohicho kwa kuachia klachi taratibu sana kwenye gia ya kwanza na ya rivasi, breki zote zikiwa zimeshikwa. Dalili ya ziada ni kiwiko cha gia kuruka mkononi unapokanyaga na kuachia mafuta. Ila klachi iliyokwisha au iliyolowa oili nayo hutetemesha gari wakati wa kuondoka, na hiyo huacha kutetema klachi ikishashika kikamilifu.

Hiace, Hilux na Noah za zamani?

Hizi za kuvuta nyuma zina injini iliyokaa kwa urefu, mauntingi mbili ubavuni na moja chini ya giaboksi. Injini ikipewa mafuta hujizungusha kwa ubavu, na ule wa kushoto, upande wa abiria kwetu, ndio unaovutwa juu. Tazama huo kwanza. Kwenye Hiace unafunua viti vya mbele ili uione injini, kwa hiyo fanya kipimo cha D na R viti vikiwa vimefunuliwa na mtu mmoja tu akiwa kwenye breki. Dizeli hutetema kwa asili, usiilinganishe na IST ya jirani. Ila kipanya, ile Hiace ya abiria, kikianza kugonga katikati ya sakafu kila kinapotoka kituoni na abiria kamili, pita chini ukamulike ile ya giaboksi. Na ukiwa hapohapo zungusha propela, lile bomba linalopeleka nguvu nyuma, kwa mkono, kwa sababu spaida (kiungo chake) iliyolegea inagonga mahali hapohapo.